Mkono wa Siwema

Dakta Siwema alikuwa akikaza skrubu kwenye mkono wa bandia aliouunda katika masomo yake ya uzamivu, Profesa Mhagama alipoingia maabara na mwanamume mgeni.

"Huyu ni Dakta Kapinga. Ndiye aliyepata ile nafasi ya utafiti," profesa alisema. "Atauendeleza mradi huu. Mfundishe kabla hujaondoka."

Siwema aliweka bisibisi mezani. Nafasi hiyo yeye pia aliiomba, na tangazo la nafasi lilieleza kazi ya Siwema mwenyewe, neno kwa neno.

"Nilipungukiwa na nini, Profesa?"

"Hukupungukiwa, Siwema. Ila una mtoto mchanga. Kazi hii inataka mtu asiye na mambo mengi."

Kapinga aliinamisha macho. "Sikuambiwa kwamba mwenye mradi yupo," alisema.

"Sasa umeambiwa," Siwema alisema kwa hasira.

Alichomoa nyaya, akatoa khanga ya mtoto mkobani, akauzungushia ule mkono, akaubeba kifuani kuelekea mlangoni.

"Hiyo ni mali ya chuo," profesa alisema.

"Vipimo vyake nilivichukua kwa mama yangu, aliyekatwa mkono na mashine ya mkonge. Mwite umtakaye."

"Kapinga, funga huo mlango," profesa alisema huku akitafuta namba ya walinzi kwenye simu.

Kapinga, aliyekuwa karibu na mlango, alishika kitasa. Siwema alisimama mbele yake, akamtazama usoni, akangoja.