Mchepuko wa Msumari

Barua pepe ya nane kutoka kwa Mama Lango ilikuwa na maneno manne tu: "Hii takataka irudi jalalani."

Msumari aliisoma kwa sauti, akaguna. "Takataka! Yeye ndiye jalala lenyewe."

Dada yake, muuguzi wa zahanati ya watoto, alikuwa amempitia na chakula cha mchana katika chumba chake nyuma ya duka la fotokopi. "Si huyu mama ndiye aliyekufundisha kazi?"

"Alinifundisha. Sasa kichwa kimevimba."

Programu waliyoigombania ilitunza kumbukumbu za chanjo. Mama Lango ndiye aliyeiandika, akaifanya huria: mtu yeyote aitumie bure, asome msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, aurekebishe. Zahanati arobaini ziliitegemea, pamoja na ya dada. Marekebisho yote yalipita mikononi mwake kwanza, ndiyo maana Msumari akambandika jina hilo. Kwa miaka mitatu lango lilimfungukia. Kisha, ghafla, likatiwa komeo. Alirekebisha kosa la tarehe, akakataliwa. Akasahihisha neno moja lililokosewa herufi, akakataliwa, na tusi juu.

"Kampuni kubwa imemwajiri," Msumari alisema. "Wamempa kiti kinachozunguka, na akili ikazunguka nacho."

Barua ya tisa iliingia sahani ikiwa bado mezani. "Kama una ubavu, chukua nakala uanzishe ya kwako. Leseni inaruhusu hata wapumbavu. Lakini nakujua: utachukua nusu, mwongozo wa kuhamisha kumbukumbu utausahau, na mwezi wa sita utakukuta hujamaliza."

Msumari akasukuma sahani. "Nitachukua hadi nukta ya mwisho."

"Kwa hiyo programu yako itakuwa mchepuko?" dada aliuliza.

"Itakuwa nyumba kubwa. Ngoja uone."

"Na sisi tutumie ipi? Mkigombania kisima, sisi tutakunywa tope."

Msumari akaigeukia kompyuta. Kunakili msimbo wote kulimchukua dakika nne. Yaliyobaki yalimla wiki sita.

Alidhani uhuru ni kutokuwa na mtu wa kukukatalia. Akagundua kuwa hata wa kukusaidia hayupo. Kati ya watu ishirini waliompigia makofi mtandaoni, walijitokeza watatu, na mmoja wao alitaka tu kubadilisha rangi ya kitufe. Wengine walimwita mwizi wa mchana. Kila hitilafu ikawa yake peke yake.

Lakini lile kosa la tarehe, lililokuwa likiwachelewesha watoto dozi ya pili, alilimaliza kwa saa moja.

"Mistari mitatu!" alimwonyesha dada yake. "Mistari mitatu tu ndiyo iliyomshinda mtu mzima kuipitisha."

Mama Lango naye hakunyamaza. Kila Jumatatu aliandika. "Umekwama?" "Kumbukumbu bado hazihami? Nilijua." "Konokono amefika wapi leo?" Barua zilimkera Msumari kiasi kwamba kabla hajanywa chai alikuwa ameshatengeneza kile alichochekwa nacho. Tarehe thelathini ya mwezi wa tano, mchepuko ukasimama kwa miguu yake.

Siku mbili baadaye, tarehe mosi, kampuni ikatoa tangazo. Programu ya Mama Lango sasa ilikuwa mali ya kampuni, si huria tena. Msimbo uliondolewa mtandaoni, na zahanati zikapewa siku saba zilipie au zifungiwe.

Simu ya Msumari haikupoa. Yeye, dada yake na wale watatu, hata yule wa kitufe, walihamisha zahanati arobaini kwa siku tano. Hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani bila chanjo.

"Ameiuza," Msumari alisema kwa dharau. "Ametuuza sote, kisha ananiita mimi takataka."

Wiki iliyofuata alikuja mwanasheria wa kampuni. Alipangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia.

"Nakala yako uliichukua leseni ikiwa bado huria," alisema, kana kwamba anameza shubiri. "Wewe hatukuwezi. Tunamtaka aliyekudokeza. Yule mama alijua mpango wetu mapema, na alitia saini kwamba hatamwambia mtu wala kumshauri mtu. Tukipata sentensi moja, tunamfikisha mahakamani."

Msumari alicheka mpaka akashika ukuta. "Anidokeze mimi? Yule? Hata salamu hanipi!" Akaigeuza kompyuta. "Haya, soma mwenyewe. Zote."

Mwanasheria alisoma nusu saa nzima, midomo ikichezacheza. Hatimaye akasimama.

"Hamna kitu. Hakimu atanicheka. Ni matusi matupu." Akaufikia mlango, akasita. "Ajabu, lakini. Pale ofisini hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti."

"Kwani alitia saini lini?" Msumari aliuliza, kicheko bado kikimtoka.

"Tarehe tano mwezi wa tatu. Jioni."

Mlango ulipofungwa, Msumari alirudi kwenye orodha ya barua, akashuka nayo hadi mwezi wa tatu. Ya tarehe nne ilianza, "Mwanangu, kazi nzuri sana." Tusi la kwanza liliingia tarehe sita, saa mbili asubuhi.