Mgambo Mbele ya Dirisha

Mtu alikohoa katika chumba cha ndani, na brashi ya Agnete ikasimama hewani. Upesi naye akakohoa, akajipiga kifuani kama aliyepaliwa na vumbi. Masele, mgambo aliyeketi kwenye kigoda mbele ya dirisha, hakutikisika. Bunduki ilikuwa magotini, uso ameuelekeza nje kama alivyoombwa.

Agnete alichovya brashi tena.

Alitoka Denmark kuja kuchora sura za watu. Bariadi ilimpendeza, akapanga nyumba. Kisha ikaja Operesheni ya serikali. Watu wakapakiwa kwenye malori kupelekwa vijiji vipya, na Agnete akawachora wazee walioketi juu ya vitanda vyao kando ya barabara, nyumba zikiungua nyuma yao. Picha hizo zilimponza. Wakubwa walichukua pasipoti yake, wakamwambia asitoke nje mpaka waamue la kumfanya, na mlangoni wakamweka Masele.

Masele alikuwa mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alisema, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, akamkabidhi maziwa ya mgando na michembe, vile viazi vikavu vya Kisukuma, kwa wingi ambao mwanamke mmoja hawezi kuumaliza. Agnete alidhani ndivyo wenyeji wanavyolisha wafungwa wao. Hakulalamika, maana chakula hakikubaki. Alikuwa akila na mzee Mashimba, aliyemficha katika chumba cha ndani.

Agnete alimchora mzee huyo huko Kasoli kabla mambo hayajaharibika. Watu wa Operesheni walipomhamisha, alirudi kwenye kaburi la mkewe. Walipomfuata, alimvunja mkono kiongozi wao kwa fimbo, akakimbilia kwa mzungu aliyemchora. Aliingia kwa mlango wa nyuma, na kesho yake mlinzi akawekwa. Tangu hapo wote wawili walikuwa kifungoni: wakinong'ona, wakitembea pekupeku, wakiogopa hata mlio wa kifuniko cha sufuria. Mzee hakupenda kuzungumza habari za nyumbani. Alisema tu kwamba ana mtoto mmoja wa kiume, na jina lake hataki kulisikia.

Asubuhi hiyo Masele alileta habari. Kesho wakubwa wangekuja kuipekua nyumba chumba kwa chumba. Tena ameamriwa aupigilie misumari mlango wa nyuma, ila nyundo hajaipata. Labda jioni.

Agnete aliona imebaki njia moja. Alimwomba Masele akae achorwe, huku akitegemea kukataliwa, kwani askari haachi lindo. Masele alitazama barabara huku na huku, akaingia, akaketi.

Sasa mlango wa chumba cha ndani ulifunguka taratibu nyuma ya kigoda. Mzee Mashimba alitokeza, makubazi mkononi. Alitakiwa apite nyuma ya mgambo, atoke uani, ajifiche kwenye pamba hadi mwisho wa shamba, kisha aelekee Lingeka kwa dada yake Salu. Lakini hakupita. Alisimama akikitazama kisogo cha Masele, kama mtu aliyesahau safari yake.

Agnete alimhimiza kwa macho. Wapi.

"Masele," akasema kwa sauti, ili kuficha kishindo, "una familia?"

"Nilikuwa na wazazi wawili, mayu. Amebaki mmoja."

Mzee akainamisha kichwa, akapita. Bawaba zililia. Agnete akaiburuza meza ya rangi. Masele hakupepesa jicho.

Agnete alichora ili mikono isikae bure. Ajabu, mkono ulikwenda wenyewe, kama unaopita njia iliyozoeleka: paji pana, mashavu yaliyobonyea, mdomo wa ukaidi. Akaanza kupumua. Aliyafikiria mashamba, jua, na mtu mmoja anayetembea bila kunong'ona.

Ndipo alipoinua macho, akatazama dirishani.

Mbali kidogo, mwisho wa shamba, mzee Mashimba alikuwa amechomoza kwenye pamba na kusimama ukingoni mwa barabara. Lori lilikuwa linakuja, naye alilisubiri lipite, peupe kabisa, kama anayesubiri basi la kwenda mnadani. Dirisha lilimweka katikati kabisa. Na katika nyumba nzima, Agnete mwenyewe ndiye aliyechagua mahali pa kukiweka kile kigoda.

Damu ilimwishia usoni. Aliona kidole cha Masele kikikaza juu ya bunduki.

"Basi, tumemaliza," alisema. "Masele, nitazame mimi. Nitazame huku."

Mgambo hakugeuka. Chozi lilimtiririka shavuni, akaliacha lidondoke.

"Subiri kidogo, mayu," alisema taratibu. "Baba hajavuka bado."