Choo cha Wapangaji

Bi Mwanakheri alijifungia tena katika choo cha wapangaji. Alikuwa akinywa dawa ya kusafisha utumbo, ili kesho kamera ya daktari ione kama naye ana kivimbe. Cha dada yake hakikuondolewa mapema, kikageuka saratani, kikamuua.

"Bibi, umehamia humo?" aliuliza Mama Sikitu, jirani wa chumba cha pili, huku akigonga. "Tukuletee na kitanda?"

"Kesho napimwa utumbo, mwanangu. Nisije nikafa kama dada."

Mama Sikitu aliacha kugonga. Kisha akawaambia wapangaji wengine waliokuwa wakisubiri zamu, "Nendeni nyumba ya jirani. Hapa pana mtu."

Bi Mwanakheri aliinama, akatazama. Maji bado yalikuwa na rangi; utumbo haujasafika vya kutosha kwa kamera.

"Niletee kikombe kingine cha dawa," alisema.

Alifungua mlango kidogo, na mkono wa Mama Sikitu ukapenya na kikombe.