Spika Nne za Mwanahawa

Mwanahawa aliuza cherehani yake akanunua spika nne, kwa sababu mgahawa wa ng'ambo ya barabara ulikuwa na muziki na wake ulikuwa na nzi. Leo alipika sufuria kubwa ya pilau. Fundi Kibwana akafunga spika ya mwisho juu ya mlango, akaielekeza barabarani kama alivyoagizwa.

"Tuwashe, Bi Mwanahawa?"

Kabla hajajibu, kilio kikapasuka nyumba ya jirani. Kibwana akaondoa kidole kwenye swichi. Penye msiba hapapigwi muziki, siku tatu nzima.

Mwanahawa akaifunika sufuria, akaifunua, akaifunika tena.

Punde akaingia Sharifu, mtoto mkubwa wa jirani, macho yamemwiva. "Shangazi, mama ametutoka. Tutangazie, tafadhali. Spika zako zitafika mpaka sokoni."

Mwanahawa alitaka kukataa. Mkono wake ukapokea maikrofoni kutoka kwa Kibwana.

"Jamani," alisema, na sauti yake ikajaa barabara.

Wapita njia wakasimama. Wateja wa ng'ambo wakaacha vijiko, wakageuka wote kumtazama, kama alivyokuwa akiomba kila siku.

Akalishikilia jina la marehemu mdomoni, huku nyuma yake pilau ikinukia.