Mlio wa Ngwali

Bunduki ya Ngwali ilikuwa ya bei chee, na fundi Shebe alihangaika nayo siku mbili ndipo mtutu ukakubali kiwambo cha sauti.

“Wawindaji wote wanapiga kwa mlio,” fundi alisema. “Wewe unamficha nani?”

“Mama.”

Fundi akamrudishia bunduki. Mjini kwao mlio ndio hodi ya mwindaji: ukisikika tu, nyumbani chungu huinjikwa jikoni. Lakini tangu Ngwali ampige risasi mdogo wake na kumuua kichakani akidhani ni swala, kila mlio ukisikika mama yao huandaa sahani mbili, ya Ngwali na ya marehemu.

Alasiri ile Ngwali alifyatua mara moja. Bunduki ikakohoa tu, swala akalala. Akajitwika begani, akarudi na utulivu aliokuwa ameusahau.

Nyumbani akakuta chungu kinatokota. Sahani mbili zilikuwa mkekani.

“Mama, nani kakwambia nimepata?”

“Mdogo wako,” alisema mama, akichochea moto. “Katangulia kuja. Anasema safari hii hata mlio hakuusikia.”

Mzigo begani ulikuwa bado una joto. Ngwali akaogopa kuutazama.