Barafu Nyuma ya Pazia

Asubuhi ya tisa mfululizo, barafu ilipita tena. Waziri Gu Shen aliwaona matowashi wanne wakiiingiza ukumbini kwa mlango wa nyuma, na ubani ulifukizwa mpaka ukamkereketa koo.

"Malkia amekufa," Gu alimnong'oneza Waziri Bian. "Nyuma ya lile pazia kuna maiti, na kijakazi ndiye anayetusemesha."

"Shingo umeichoka, ndugu yangu? Ukilifunua ukamkuta hai, kichwa huna."

Gu alilijua hilo. Lakini tangu mumewe afariki, Malkia Kuang alitawala kwa jina la mwanawe wa miaka saba, akitoa amri nyuma ya pazia la hariri. Kama amri zile zilikuwa za kijakazi, nchi nzima ilikuwa ikichezewa shere. Na sauti ile ya siku tisa, iliyokwaruza na kukatikakatika, haikuwa ya Malkia kabisa.

Mbele ya pazia aliketi Mfalme mdogo. Hakuna aliyethubutu kumwinulia macho Mwana wa Mbingu, ila zamani walimsikia: hakutulia, na shanga za taji lililomfunika uso ziligongana kutwa. Sasa hazikulia hata moja. Gu alimwonea huruma. Maskini, mtoto gani angecheza huku mama yake anaozea mgongoni kwake?

"Waziri Gu," sauti iliita, "mbona umetoka kwenye mstari?"

Gu alipanda ngazi roho mkononi, akapita kando ya kiti cha enzi, akalivuta pazia.

Malkia Kuang alikuwa ameketi, mzima, macho yamevimba na kuwa mekundu. Alikuwa peke yake. Hapakuwa na kijakazi, wala barafu.

"Umeridhika?" aliuliza.

Nyuma yake Gu alimsikia Bian akiguna. Gu alianguka kifudifudi pale pale, paji la uso sakafuni, akingoja askari waitwe. Sakafu ilikuwa imelowa.

Alifumbua macho, akageuza kichwa. Chini ya kiti cha enzi mabonge ya barafu yalikuwa yamepangwa hadi juu, yakichuruzika. Mbele ya barafu hiyo vilining'inia viatu viwili vidogo, vimefungwa kwenye kiti kwa utepe wa hariri.

Malkia aliinama mpaka pumzi yake ikamgusa sikio.

"Inuka polepole," alisema. "Utamwamsha."