Hapa Hakuna Msomi

"Samahani, mama, hapa ndipo kwa yule msomi?"

Ungo ulimponyoka Immakulata, maharage yakamwagika uwanjani. Mbele yake alisimama mwanamume mwenye kofia, suti na tai. Nyuma, kando ya gari jeupe, dereva aliyevaa miwani ya jua alikuwa akinyoosha mgongo.

"Umepotea, mwanangu," alijibu. "Hapa hakuna msomi. Hapa tunalima."

Kijijini Kitanga kote neno hilo ni la utani tu. Ukifunga tai wewe ni msomi, ukivaa miwani ni msomi, hata mbuzi akitafuna gazeti la watu ataitwa msomi. Lakini uani kwa Immakulata halikutajwa. Mwanawe Evaristi alikuwa tabibu katika zahanati moja upande wa Busunzu, wilaya ya Kibondo, na jirani yao Maximilla alipenda kumsifu kwa sauti: kijana amesoma, amefuzu, amebobea. Immakulata alimkatiza kila mara. "Anahangaika tu huko, kama watoto wa wenzake." Kusoma alishindwa kumzuia, kutajwa angalau aliweza. Neno pekee alilomruhusia Maximilla ni mzoefu, maana hata mshika jembe ni mzoefu, na hakuna aliyewahi kuja na gari kumtafuta mshika jembe.

Baba yake Immakulata walimfuata na gari. Ilikuwa ng'ambo, Burundi, mwaka wa sabini na mbili, naye bado mtoto wa kubebeshwa wadogo zake. Wale watu walikuwa wakiulizia *abize*, yaani waliosoma. Baba alikuwa mwalimu. Angeweza kukana, kama si cheti chake kilichotundikwa ukutani kwenye fremu, kinawatazama wageni usoni. "Usiogope," walimwambia mama. "Tunamwuliza maneno machache tu." Walimpandisha garini na hakurudi tena.

"Mama, usiogope," alisema mwenye suti.

Immakulata alishika nguzo ya baraza.

"Evaristi si mwanao? Tumeambiwa ana elimu ya utabibu, tena na uzoefu wa kutosha."

"Nani kawaambia? Yule hakumaliza hata darasa la nne. Pale zahanati anafagia tu. Bikira Maria ni shahidi wangu."

Wale wawili wakatazamana. Mwenye suti akashusha pumzi, kisha akasema taratibu, "Tunajua kwamba amesoma, mama. Hebu tukaribishe kwanza, utupe na maji ya kunywa. Maneno yenyewe si ya kuyasema tumesimama."

Aliwatolea vigoda, akaingia jikoni na kujibanza nyuma ya mlango. Alibonyeza simu upesi. Alitaka kumwambia Evaristi akimbie, apite porini, aende popote ila asije nyumbani. Simu ya mtoto haikupatikana. Hata jana haikupatikana, lakini jana alidhani ni mambo ya umeme. Alijaribu tena. Huko nje mwenye suti alikuwa akikohoa kohoa, akisubiri.

Ikabaki bahasha.

Ilikuwa ndani ya debe, chini ya mahindi ya mbegu. Evaristi aliileta kwa mkono wake mwaka ule chuo chake kilipofungwa na wenye chuo wakatawanyika, kila mtu na njia yake. "Mama, vyeti hivi havitolewi tena mahali popote," alimwambia. "Vitunze kama unavyonitunza mimi." Naye alivitunza. Panya hawakuvigusa, wala mvua, wala jicho la Maximilla.

Immakulata hakujua kusoma, hakutaka kujua. Lakini picha ya mwanawe kwenye karatasi ile ngumu aliitambua, kichwa wima, shingo nyembamba kama ya babu yake. Roho ilimuuma. Alisikia kigoda kikisogezwa barazani, akajua kwamba wanainuka, wanaingia kupekua. Hakungoja zaidi. Alisukuma bahasha yote chini ya chungu, katikati ya moto, akaipulizia mpaka machozi yakamtoka. Karatasi zilijikunja, picha ikawa nyeusi, muhuri ukateketea.

"Safari hii hamkuti kitu ukutani," alinong'ona.

Alijifuta uso kwa khanga, akachota maji, akatoka nayo. Hawakuwa wameinuka; dereva alikuwa amesogea kivulini tu. Immakulata alipiga goti, akawapa vikombe kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, kisha akaketi mkekani. Moyo ulikuwa umetulia kidogo. Waje na gari, waje na bunduki, Evaristi sasa alikuwa mtu kama watu wengine.

"Mama, kuna kitu kinaungua huko ndani," alisema dereva.

"Maganda tu, mwanangu. Kunywa maji."

Mwenye suti alikunywa, akaweka kikombe chini, akavua kofia yake na kuipakata.

"Pole, mama, kwa habari hizi. Mimi ni wakili wa mwanao. Kuna mtu amemchongea kwamba ni daktari wa uongo, hakusoma popote, na tangu juzi yuko mahabusu. Kesho anapandishwa mahakamani. Ila yeye mwenyewe hana hofu hata kidogo. Amenituma bahasha. Ameniambia, 'Nenda kwa mama. Kwa mama haiwezi kupotea.'"